Nilivyoipeleka Ram yangu ya dizeli kwenye daino kabla ya kununua pampu

Fundi wa kwanza aliniambia pampu ya nozeli imekufa, na hata boneti alikuwa hajaifungua. Gari ni pikapu ya Dodge Ram 2500 ya 2001, injini ya Cummins lita 5.9 yenye valvu 24, gia otomatiki ya 47RE, spidi nne. Nalivutia tela la magari hapa Houston. Likiwa tupu halina neno. Likiwa na tela, nikianza kupanda daraja la Fred Hartman, injini inalia na mwendo hauongezeki.

Pampu yenyewe ya nozeli, VP44, inapita dola 1,000 kabla hujalipa ufundi. Ni kweli hufa, hasa ile pampu ndogo inayoisukumia mafuta ikichoka, maana dizeli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Ila langu lilikuwa linawaka asubuhi kwa pigo moja. Nikaona kuliko kubahatisha, heri nimlipe mwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya gari magurudumu yakizungusha ngoma, anionyeshe nguvu inapotelea wapi.

Nilitafuta daino yenye breki ya sumaku. Zile za ngoma tupu, dizeli huzizungusha upesi mno hata tabo, inayosukumia injini hewa, haijapata muda wa kujaza upepo, ukatoka na namba ndogo isiyo ya haki. Kabla ya kwenda nilitoa mizigo yote kwenye bodi, nikajaza upepo matairi ya nyuma, nikaangalia mafuta ya gia injini ikiwa ya moto, inaunguruma, gia ikiwa nyutro. Kwenye 47RE ukipima ikiwa paki, kijiti kinakudanganya.

Yule mwendeshaji, mzee mmoja mpole, alilifunga gari kwa mikanda minne, akaweka feni kubwa mbele ya rejeta. Dizeli haina plagi za kusomea mizunguko, kwa hiyo alibandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya krenki, akakielekezea kifaa chenye mwanga. Geji ya presha ya dizeli tuliinasa kwa gundi ya karatasi juu ya kioo, niione nikiwa nimekanyaga.

Hapo ndipo otomatiki ilipoanza vituko. Kipimo kinatakiwa kifanyike kwenye gia moja tu, na kwa 47RE hiyo ni ya tatu, kwa sababu ndiyo moja kwa moja, shafti inazunguka sawa na injini. Nilizima ovadraivu, yaani gia ya nne, kwa kitufe, nikakanyaga hadi chini, na gia ikashuka ya pili papo hapo. Tukalitupa jaribio hilo. La pili nilianzia mwendo wa juu zaidi, nikakanyaga taratibu kama mtu anayejaza maji chupa, gia ikatulia. Tukapata nguvu za farasi 171 kwenye magurudumu. Kiwandani injini hii iliandikwa 235, lakini hizo ni za kwenye flaiwili, pale nguvu inapotoka kwenye injini. Gia, shafti na difu lazima zile sehemu yake.

Mzee akatikisa kichwa. Toki konvata, kiungo cha mafuta kati ya injini na gia chenye klachi ya kukifunga, ilikuwa haijafunga. Ikiwa wazi, injini inazungusha mafuta, na mafuta ndiyo yanazungusha gia. Sehemu ya nguvu inageuka joto, na mchoro wa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, unatoka na kilima cha uongo. Hapo hupimi injini, unapima supu.

Bahati nzuri mwenye gari wa zamani alikuwa ameweka swichi ya kuifunga konvata kwa mkono. Tuliacha mafuta ya gia yapoe, tukarudia. Gia ya tatu, swichi, mguu chini. Kwa difu yangu yenye uwiano wa 3.55 na matairi niliyonayo, maili 60 kwa saa inatakiwa iwe mizunguko 2,260 hivi. Tulipofika hapo, mshale wa resi ukaruka hadi 2,600 na ngoma hazikuongeza hata nusu maili. Kwenye skrini mstari uliokuwa unapanda vizuri ukatoka na jino, kama mkate ulioumwa. Geji ya dizeli ilikuwa imeshuka kutoka 14 hadi 11 tu, ikasimama. Pampu ilikuwa inalishwa sawasawa.

Nilimtumia shemeji yangu wa Mbeya picha ya mchoro ule, yeye ni dereva wa malori. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Shemeji, hiyo klachi inateleza. Ungenunua pampu ungeteleza na pampu mpya."

Klachi ya ndani ya konvata ilikuwa imekwisha. Gia ikashushwa, ikawekwa konvata yenye klachi imara zaidi, na fundi akaongeza presha kidogo kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa mafuta ndani ya gia. Siku mbili bila kazi, na nilinung'unika zote mbili.

Niliporudi kwa mzee, majaribio matatu mfululizo yalitoa 197, 199, 198, na mstari wa toki ukawa bapa kama meza, bila jino. Nilimuuliza kwa nini mistari miwili ya toki na farasi haikatani kama ninavyoona kwenye michoro ya magari ya petroli. Akaniambia kwa vipimo vya Marekani hukutana kwenye mizunguko 5,252 kwa dakika, na injini yangu haijawahi kufika huko wala haitafika.

Karatasi ya kwanza, yenye jino, nimeiweka kwenye droo ya gari. Pampu ni ile ile, na geji yake sasa nimeifunga kwa skrubu. Nikipanda Fred Hartman na tela naitupia jicho.