Kidole cha kati, wiki 15

Jumatatu iliyopita nilipokea barua kutoka kwa kampuni ya bima inayomlipia mwajiri wangu fidia za wafanyakazi. Ina kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili imeandikwa kwamba pingili ya juu ya kidole changu cha kati, mkono wa kulia, ina thamani ya wiki 15. Neno pole halimo popote.

Hesabu yenyewe si ya kubuni. Hapa Iowa, Marekani, sheria ya fidia ina orodha ya viungo vya mwili, na kila kiungo kimepangiwa wiki zake: kidole gumba 60, cha shahada 35, cha kati 30, cha pete 25, cha mwisho 20, jicho 140, kiganja kizima 190. Aliyepoteza pingili ya juu peke yake huhesabiwa nusu ya kidole. Wiki moja hulipwa asilimia 80 ya mshahara unaobaki baada ya kodi, ambayo kwangu ni dola 560, kwa hiyo jumla ni dola 8,400, mbali na malipo ya siku nilizokaa nyumbani nikiuguza kidonda. Najua ndugu zangu mlioko Tanzania mmeshazigeuza kuwa shilingi na mnaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Zigeuzeni, lakini mjue kwamba kiungo kilichobaki chini ya kovu hakikunjiki hadi leo, kwamba kitasa cha mlango nakifungua kwa mkono wa kushoto, na kwamba barua ile haikutaja ukakamavu huo hata kwa mstari mmoja.

Niliumia mwezi Februari, zamu ya usiku, katika kiwanda cha nyama. Sisi wa usafi huingia wachinjaji na wakataji wakishatoka, tukaosha mashine kwa maji ya moto na povu la dawa kabla mkaguzi hajafika alfajiri. Kanuni ya nchi nzima, iliyotolewa mwaka 1989, inataka mashine izimwe kwenye swichi kuu, kila anayeigusa atundike kufuli lake mwenyewe kwenye swichi hiyo, ufunguo akae nao mfukoni, kisha ajaribu kuiwasha ili ahakikishe kwamba haiwaki. Usiku ule tulikuwa pungufu ya watu watatu, na msimamizi akaagiza mkanda uachwe utembee polepole ili povu lienee pande zote. Kipande cha mafuta kilikwama kati ya mkanda na rola, nami nikanyoosha mkono kukitoa. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia sauti ya mkanda ikibadilika, ikawa nzito kama gari linalopanda mlima, ndipo nikaona ncha ya glovu imetangulia upande wa pili.

Msimamizi alinifunga kitambaa, na katika hilo simlaumu, alifanya haraka. Ninachomlaumu ni maneno aliyoyasema tukiwa bado tunasubiri gari: kwamba nikifika hospitali nitumie kadi yangu ya kawaida ya bima ya afya, kwa sababu mambo ya fidia yana karatasi nyingi na yatanichelewesha. Nilikuwa natetemeka, na nilikuwa tayari kukubali.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi, mtu wa maneno machache, ambaye hata salamu yake huwa fupi. Alisimama kati yetu akaniambia kwa Kiswahili, "Mdogo wangu, usitoke hapa bila kuandikisha. Sema umeumia kazini, sema na saa." Kisha akavua glovu yake ya kushoto akanionyesha mahali ambapo kidole cha shahada kilipaswa kuwepo. Miaka mingi kabla yangu, katika kiwanda kingine, yeye alikubali kuandikwa kwamba aliumia nyumbani, na hakulipwa hata wiki moja kati ya zile 35. Aliniandikia fomu ya kuandikisha ajali yeye mwenyewe, nami nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi kuja huku kwa kazi za viwandani, maghala au ujenzi, lishike hili kabla ya kuuliza mshahara wa saa. Mwajiri akipata ajali iliyokata kiungo cha mfanyakazi, sheria inamtaka aiarifu idara ya usalama kazini, OSHA, ndani ya saa 24, na ndani ya saa 8 kama mtu amefariki. Wewe kwa upande wako una siku 90 za kumjulisha mwajiri hapa Iowa, lakini Texas ni 30 na Illinois ni 45, basi usisikilize habari za jimbo la rafiki yako. Fidia hailipwi kwa kuangalia kama ulikuwa mzembe au la, na katika jimbo hili hata asiye na karatasi za uhamiaji anastahili kulipwa. Ukiadhibiwa kwa kutoa taarifa ya hatari, una siku 30 tu za kulalamika OSHA. Mafunzo ya usalama lazima yatolewe kwa lugha unayoielewa; mimi nilionyeshwa video ya Kiingereza, nikaitikia kwa kichwa, nikasaini.

Sisemi kwamba nyumbani hakuna sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu mwaka 2008 na mfuko wake upo. Lakini kila mmoja wetu anamjua fundi wa kuchomelea aliyepoteza jicho, akachangiwa na majirani na tajiri wake akaja na mchele. Nilidhani huku hayo yameisha, kumbe huku nako haki inamngoja mtu aliyewahi kuambiwa kwamba ipo.

Barua ya bima sijaijibu. Daktari aliyenipima alichaguliwa na mwajiri, kama sheria ya hapa inavyomruhusu, lakini sheria hiyohiyo inanipa nafasi ya kupimwa na daktari wa kwangu, kwa gharama ya mwajiri, nikiona makadirio ya kwanza ni madogo. Nimepata miadi mjini Des Moines Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Mkono huu bado hauniruhusu kuendesha mwendo mrefu, na mzee amebadilishana zamu ili anipeleke.