Bei muulize mama Zuhura

Mimi na mume wangu tunanunua dagaa wabichi katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, tunawaanika na kuwauzia wateja wa Tabora. Kazi ziligawanyika kwa mazoea ya huku: yeye hudamkia mwaloni kuwapokea wavuvi wanaotoka ziwani, nami hubaki na vichanja, kuchambua na kufunga magunia. Mgawanyo huo haukunisumbua, kwani uanikaji unataka jicho, hasa mawingu yanapotanda na dagaa hawajakauka.

Kilichonikera ni bei. Daftari nalishika mimi, ninajua kila ndoo ilinunuliwa kwa kiasi gani, lakini mteja tuliyekwisha kuelewana naye juu ya mzigo na usafiri alikuwa akisema, "Sasa mama, nipe baba tumalizane." Nilimwomba mume wangu asimtajie mtu yeyote bei. Mwanzoni aliona aibu, akihofia kuambiwa ametawaliwa, kisha akapata jibu lake: "Bei muulize mama Zuhura, mimi ni mtu wa mwaloni." Wateja wakazoea, ingawa wapo ambao hadi leo huanza kwa kuuliza kama baba yupo.

Lililofuata lilikuwa jina: biashara iandikwe kwa jina la nani. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake hadi ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa usawa. Ni kweli kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, lakini sikutaka mchango wangu usubiri kesi. Tulisajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama wabia.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mume wangu alibaki na jiko na watoto, nami nikapanda treni kwenda Tabora kudai madeni. Mama mkwe alinung'unika. Mwanawe akamjibu kwamba anayejua hesabu ndiye anayepaswa kwenda. Uvuvi uliporuhusiwa tena alirudi mwaloni, lakini safari za madeni zimebaki kuwa zangu, kwa sababu wadaiwa hawawezi tena kunieleza kwamba wanamsubiri baba.