Spätzle za Schwaben: kila kitu kiko kwenye kupiga unga

Wanaotaka kupika Spätzle, tambi fupi za mayai za Schwaben, kusini mwa Ujerumani: unga wa ngano gramu 400, mayai 4, chumvi kijiko kimoja cha chai, maji kama mililita 150. Maji yatie kidogo kidogo, maana mayai hayalingani ukubwa.

Piga kwa mwiko, tena kwa nguvu, mpaka vitokee vipovu. Inua mwiko: rojo literemke polepole, zito, linavutika bila kukatika. Likidondoka kama uji, Spätzle zitasambaratika kwenye maji. Likigoma kuteremka, zitakuwa ngumu. Liache dakika 20 litulie.

Lowesha ubao mdogo, pakaza rojo jembamba ukingoni, kisha kwangua vipande vyembamba kwa kisu kirefu moja kwa moja kwenye maji ya chumvi yanayochemka. Kisu kichovye majini kila mara, la sivyo rojo litanata. Zikielea tu, ziopoe. Usijaze sufuria: maji yakipoa zinashikana bonge. Mashine ya kukamua ni rahisi zaidi, ila za ubao, zisizolingana, zinashika mchuzi vizuri.

Za jibini zipange tabaka kwa tabaka zikiwa bado za moto, na jibini ya Emmentaler au Bergkäse (jibini ya milimani) iliyokwaruzwa, juu vitunguu vilivyokaangwa vikawa kahawia. Wenyewe Waswabi huzila sana na adesi na soseji, na adesi lazima zitiwe siki.