Maziwa kwenye mshipa

Juzi zamu ya usiku baridi ya Mbeya ilikuwa ile ya Julai yenyewe, nimevaa sweta ndani ya joho, mama mmoja katoka Kyela kakaa na kijana wake aliye kwenye mashine ya kupumulia siku ya tatu, nimonia imeingia hadi kwenye damu. Ananiona nabadilisha mrija wa pampu, anauliza, "Mwanangu, mnampa maziwa kwenye mshipa?"

Nikamwambia sio maziwa mama, ni propofoli, dawa ya kumlaza asipigane na mashine, ila umepatia weupe wake maana ina mafuta ya soya na ya kiini cha yai. Shida bakteria nao wanayapenda hayo mafuta kama sisi na wali wa kwao Kyela, ndo maana kila masaa 12 mrija nautupa. Miaka ya 1990 kule Marekani wagonjwa wa upasuaji walipata maambukizi sababu dawa hii ilichafuliwa wakati wa kuiandaa.

Ila mi kinachonikesha ni cha ndani zaidi. Propofoli na midazolamu, dawa nyingine ya kulaza, zinatuliza ubongo kupitia vipokezi vya GABA, kemikali ya mwili inayopoza neva, na seli nyeupe za damu nazo zinavyo, kwa hiyo ukimlaza mgonjwa na askari wake wanasinzia. Kwenye maabara zile kemikali za inflamesheni, ule moto wa mwili kupigana na wadudu, zinapungua, na seli zinakuwa vivu kumeza wadudu. Mwanzoni mwili unapojiunguza wenyewe inaweza kusaidia, ila wiki ikikatika kinga imeshachoka, hapo wadudu wa wodini wanapiga hodi.

Kuna deksmedetomidini, nayo ya kulaza ila haipitii GABA, aisee hii ilisifiwa, kwa wanyama inapoza inflamesheni vizuri tu. Mwaka 2021 matokeo yakatoka, wameilinganisha na propofoli kwa wagonjwa wa sepsisi, maambukizi yaliyosambaa mpaka viungo vinaanza kufeli kama ya huyu kijana, zaidi ya 400 walio kwenye mashine, vifo havikutofautiana.

Basi mi nimebaki na ubahili wa dozi. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2000, wagonjwa 128, waliokuwa wanazimiwa dawa kila siku mpaka waamke walikaa kwenye mashine siku 4.9, wenzao 7.3, na kila siku unayoitoa kwenye ule mpira wa kooni ni mlango umeufungia nimonia nyingine.

Asubuhi dokta akasema tupunguze, kijana kafumbua jicho moja, mama ananishika mkono, ndaga fijo, asante sana, mwanangu, afu anauliza kama usiku atapewa tena maziwa.

Nikamwambia nusu ya jana.