Bibi naye aliufanya mkonge

Kila nikisema narekodi wazee waliofanya kazi mashamba ya mkonge huku Muheza, Tanga, naelekezwa kwa babu fulani. "Nenda kwa yule, alikuwa mnyapara." Naenda, na kweli ananieleza. Mababu wameshazoea kuulizwa. Atakusimulia alivyoandikishwa Kigoma na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyowasaka vibarua mikoani tangu miaka ya 1940, alivyosafirishwa kwa treni na malori, na habari za kipande, ile kadi ya kazi: siku 30 za kazi, usipozitimiza hupati mshahara wako.

Yote hayo nayataka. Lakini ukimsikiliza babu peke yake utadhani kambini hakukuwa na mwanamke. Vitabuni ndiyo kabisa: Richard Hindorf na miche yake ya kutoka Florida, 1893, kisha tani, kisha bei.

Bibi mmoja, Muha, alinikubalia nimrekodi huku tukichambua mchicha. Nilimuuliza kazi yake ilikuwa ipi. Hakujibu. Aliinuka, akavua mtandio, akautupia kwenye kamba ya nguo, akaanza kuutawanya kwa vidole vyote kumi, akiukung'uta na kuuvuta chini. "Singa (nyuzi za mkonge) zinatoka korona (mashine ya kuzitenga na majani) zimelowa, nzito. Ukizirundika kwenye waya, ndani hazikauki. Mnyapara akija akashika hapa katikati, umekwisha." Akaniita nishike mwenyewe hapo katikati. Mkono wake haukusita hata kidogo, na miaka ilivyopita!

Mumewe alikuwa barazani. "Hiyo ilikuwa kabla ya Uhuru," akadakia. Bibi akakataa: mtoto wake wa pili alikuwa bado ananyonya Mzungu wa shamba alipoondoka na serikali ikachukua. Basi hiyo ni baada ya Azimio la Arusha, 1967. Bibi hakuutaja mwaka hata mmoja, na hesabu yake ndiyo iliyosimama. Tangu hapo naandika kwanza watoto waliozaliwa, nani alimfuata nani, ndipo nauliza mengine.

Nikamuuliza nani alimzalisha. Hapo ndipo mazungumzo yalipofunguka. Mkunga wake alikuwa Mmakonde wa kambi ya pili, na lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili tu, ambacho yeye bibi alikuwa ndiyo kwanza anakiokota. Alivyolelewa siku zile za uzazi, uji aliopikiwa, majirani wa Kibena waliomchotea maji: haya sijayasikia kwa babu yeyote, na kwangu ndiyo historia yenyewe ya Muheza, maana wajukuu wa watu hao leo ni majirani na wakwe.

Palikuwa na mahali aliniambia, "Mjukuu wangu, hiyo simu izime kwanza." Nikaizima. Aliyoyasema hapo ni yake, siyaandiki popote, na nawaomba wanaorekodi wazee wao wafanye vivyo hivyo bila kubishana.

Wiki ijayo naenda Ngomeni kwa shoga yake waliyeanika naye singa. Bibi amenipa salamu nyingi na kunionya nisiende siku ya gulio, sitamkuta. Na nikifika nimuulize habari za mashine ya brashi, ile ya kusafisha singa zilizokauka, maana vumbi la brashi yeye hakulivuta, mwenzake alilivuta miaka.