Mbuzi ya Nazi Kwenye Mdomo wa Injini

Koki ya dizeli niliifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nasema hilo mapema kwa kuwa hadi leo wapo jamaa pale Langoni, mtaa wa Lamu, wanaoamini kwamba siku ile nilibabaika, nikaifungulia badala ya kuifunga, na mimi nimechoka kuapa. Koki ilifungwa mpaka ikagoma. Waya wa kuzimia ulivutwa mpaka ukabaki mkononi mwa nahodha. Injini haikujali, ilizidi kupandisha kasi.

Ilikuwa 2007, msimu wa kusi. Nilikuwa na miaka 19, shule nimemaliza, kazi sina, na Ami, mdogo wake baba, akanichukua nimsaidie kwenye mashua ya abiria iliyokuwa ikitoka Lamu kwenda Mtangawanda, Faza na Kizingitini. Ami alikuwa fundi wa mashua tatu nne za njia ile, na mimi nilikuwa mbeba spana wake. Mashua yetu ilitumia injini ya lori, silinda sita, iliyofungiwa gia ya baharini, na maji yake ya kupoozea yakipitishwa kwenye bomba lililolazwa ubavuni mwa mkuku. Ilikuwa na tabo, kile kipuliza hewa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Chujio la hewa lilishatupwa zamani, likabaki bomba lililojikunja kuelekea juu, mdomo wake upana wa kisahani cha chai, umezibwa kwa wavu wa dirisha uliofungwa kwa waya.

Sasa nikiri jambo. Siku mbili kabla ya safari ile, nikifuta injini pale gatini, niliukuta mpira unaotoka kwenye tabo kuingia kwenye injini umelowa oili penye klipu. Halikuwa tone, ilikuwa inachuruzika. Nilijua maana yake ni kwamba tabo inavuja. Nilijua pia kwamba nikimwambia Ami tutaifungua na kushinda nayo mpaka magharibi, na wenzangu walikuwa wananingoja kwenda Shela kuogelea. Nikafuta oili, nikaikaza klipu kwa spana namba kumi, nikaenda zangu.

Tulitoka Lamu kama saa nane mchana, maji ya bamvua yakijaa, kwa sababu Mkanda haupitiki hivi hivi. Asiyeujua ni kile kijito cha bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na mahali pengine ukinyoosha upondo unagusa matope ya pande zote mbili. Abiria walikuwa thelathini na kitu. Mizigo ni ile ya kila siku: unga, kreti za soda, magodoro mawili, baiskeli, na bibi mmoja wa Faza aliyekaa karibu na kifuniko cha injini akiwa amepakata mbuzi mpya ya kukunia nazi, imefungwa gazeti kama mtoto aliyezaliwa jana.

Tulipokuwa katikati ya Mkanda sauti ilibadilika. Kwanza niliona moshi, mweupe ulioingia ubuluu, mzito, ukaufunika tezi wote. Kisha injini ikaanza kupanda bila mtu kuigusa. Nahodha akarudisha mkono wa mafuta mpaka mwisho, haikushuka. Akavuta waya wa kuzimia, ndipo ukamkatikia. Mimi nikajirusha penye tangi nikaifunga koki. Tukangoja mafuta yaliyobaki njiani yaishe. Sekunde tano, kumi, ishirini. Injini ikawa inapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena, na namwomba Mola nisiisikie.

Hapo nahodha akafanya jambo ambalo mimi pia ningelifanya: akatoa gia, ili mashua isimame. Sauti ikapanda mara moja kama king'ora. Ami akapiga ukelele, "Rudisha gia! Rudisha gia!" Wengi hawakumwelewa, mashua inakimbilia mikoko na mtu anataka gia irudishwe. Lakini injini ile iliumbwa kwa mizunguko kama 2,500 kwa dakika, na propela majini ndiyo pekee iliyokuwa ikiilemea. Ukiutoa mzigo ule, vyuma havina cha kuvizuia mpaka vipasuke, na fito za pistoni zikitoboa ubavu wa injini hazichagui abiria. Nahodha akarudisha gia, akaukata usukani, akaiingiza mashua kwenye matope kwa omo. Watu wakaangukiana, kreti ya soda ikapinduka. Propela ikawa inavuruga tope jeusi nyuma yetu, na injini bado inakwenda.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichokuwa kikitendeka. Injini ya petroli inataka cheche, ukizima umeme imekufa. Dizeli haina cheche. Inaikandamiza hewa mpaka inakuwa moto kupita nyuzi 500, na chochote kinachowaka kikiingia humo kinawaka. Haiulizi kama ni dizeli iliyopimwa na pampu au ni oili yake yenyewe. Sili ya tabo, kile kizuizi cha oili, ilikuwa imekufa, oili ikavutwa pamoja na hewa mpaka kwenye silinda, na injini ikawa inajila. Kadiri ilivyokimbia ndivyo tabo ilivyozunguka zaidi, na kadiri ilivyozunguka ndivyo ilivyozidi kumwaga oili. Gavana (wa injini, si wa kaunti, wale tulikuwa hatujawapata bado) anatawala dizeli inayopita kwenye pampu tu. Oili inayopitia mlango mwingine haimhusu. Kwa hiyo koki yangu, waya wa nahodha na pampu yenyewe vilikuwa vinafunga mlango ambao mwizi hakuutumia.

Ami alivua shati, akalitazama, akalitupa. Baadaye alinieleza kwamba nguo ingemezwa na bomba, ingeingia kwenye tabo vipande vipande, na mkono mtupu pia ungevutwa. Alikuwa anatafuta kitu bapa, kigumu. Macho yakamwangukia yule bibi. Hakuomba ruhusa. Aliinyakua ile mbuzi, akachana gazeti, akaigeuza ubao chini na ulimi wake wa chuma ukielekea pembeni, akaubandika ule ubao kwenye mdomo wa bomba na kuukalia kwa uzito wake wote.

Sauti ikaporomoka. Lakini haikukatika. Ikawa inakoroma, inashuka, inainuka, kama mtu anayezama akipata pumzi moja moja.

"Ndoo!" akanipigia kelele, yaani njoo. "Mpira wa kupumulia! Ukunde! Shika, usiwate!"

Kuna mpira unaotoa mvuke wa oili kwenye tumbo la injini na kuurudisha kwenye bomba la hewa. Kwetu uliunganishwa mbele ya pale alipokuwa amekalia Ami, na kifuniko cha kujazia oili kilikuwa kimepotea kitambo, tumekiziba kwa kitambaa. Basi hewa ilikuwa inaingia kwa kitambaa, inapita tumboni, inapanda kwa ule mpira. Niliukunja kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto, na kovu la kiganja cha kushoto bado ninalo. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Injini ikatikisika mara mbili, ikafa.

Kimya kile! Unasikia kaa wakitembea kwenye mizizi ya mikoko. Halafu yule bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbuzi yangu."

Bahati yetu ni kwamba maji yalikuwa bado yanajaa. Tungegonga matope yakiwa yameanza kutoka, tungelala pale na mbu mpaka alfajiri. Baada ya nusu saa hivi mashua ikaanza kuelea, tukaisukuma kwa upondo, na mashua nyingine iliyokuwa ikirudi Lamu ikatufunga kamba. Katika ile nusu saa Ami alifungua mpira wa tabo, oili ikamwagika kikombe kizima. Akaitazama klipu. Alama za spana zilikuwa zinang'aa.

"Nani amekaza hapa?"

"Mimi, Ami."

"Lini?"

"Juzi."

Akafuta mikono yake, kidole kwa kidole, akaenda kuongea na nahodha. Hakuniambia neno mpaka siku ya pili.

Siku ya pili alinipa sahani ya chuma ya milimita nne, tupa, na chaki iliyochora duara. Alikuwa ameamua injini ile ipate mlango wa kuifungia hewa. Mwenye mashua hakutaka gharama, akasema si tabo imeshatengenezwa? Ami akamjibu kwamba tabo ilikuwa nzima pia siku iliponunuliwa.

Wakabishana na fundi mwenzake, kwenye baraza, kikombe cha kahawa baada ya kikombe, na mimi nasugua chuma miguuni pao. Yule fundi alitaka mlango wa kuteleza, bati linaloshuka kama kisu kukata bomba. Uzuri wake, ukiwa wazi haubakishi kitu njiani, injini inapumua kwa raha. Ami alikataa kwa ajili ya chumvi. Kisu kinataka mfereji wa kutelezea, na mfereji baharini unajaa kutu na uchafu. Siku utakapokihitaji kitakwama nusu. Yeye alitaka kipepeo, sahani ya duara juu ya mhimili katikati ya bomba. Hasara yake ni kwamba kipo njiani muda wote, kinainyima injini hewa kidogo, na matundu mawili ya mhimili yanaweza kuvuja. Lakini aliutoa mhimili katikati akausogeza pembeni kidogo, ili kipepeo kikianza kufunga, mvuto wa injini yenyewe ukimalize kukibana. "Itajinyonga yenyewe," alisema, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu siku ile.

Yule fundi akaleta habari ya koki ya umeme kwenye dizeli, ya kisasa. Ami alizijua. Ipo inayohitaji umeme ili injini iende, na ipo inayohitaji umeme ili injini izimike. Ya kwanza betri ikifa unabaki unaelea. Ya pili betri ikifa huwezi kuzima. Na zote mbili, alisema, zinafunga mlango ule ule ambao mwizi hakuutumia. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa leo mimi ningeziweka zote, dizeli na hewa.

Mahali pa kukiweka hakukuwa na ubishi: baada ya tabo, karibu kabisa na injini, na mpira wa kupumulia ukahamishwa usiingie tena kwenye hewa. Ukikiweka mbali, kila mpira na kila klipu iliyo katikati ni tundu linalokungoja.

Kazi yangu ilikuwa ni ile sahani. Niliisugua duara kamili nikajiona bingwa. Ami akaitia bombani, akawasha tochi upande wa pili, nikaona mwezi mwembamba wa mwanga. Kumbe kipepeo hakifungi kikiwa wima, kinafunga kikiwa kimeinama, kwa hiyo lazima kiwe cha mviringo uliorefuka kidogo sana. Nikaanza upya. Siku tatu za tupa, na kiganja kimeungua. Hakuwahi kuniambia kwamba ni adhabu, wala sikuuliza.

Tulikijaribu injini ikiwa inanguruma taratibu. Nilivuta waya, springi ikakipiga, injini ikazimika kabla sijaachia. Kukirudisha ilibidi ushuke ukaifungue ndoana kwa mkono. Ami alitaka hivyo, mtu asikifungue kwa kubabaika. Alikataza pia kukitumia kuzimia kila siku, kwa kuwa ukiinyima injini hewa inavuta oili kutoka popote inapoweza, na unaziua sili ulizotaka kuziokoa. Mara moja kwa mwezi tu, kuona kama bado kinacheza.

Miaka baadaye, nikifanya kazi Mombasa, nilikuta vipepeo kama kile, vya kununuliwa, kwenye malori yanayoingia bohari za mafuta. Huko si oili ya tabo tu inayoogopwa. Mvuke wa petroli ukisambaa hewani, injini ya dizeli iliyosimama karibu inauvuta na kuanza kukimbia yenyewe. Tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texas City, Marekani, watu 15 walikufa baada ya mvuke kulipuka, na gari la dizeli lililokuwa linanguruma jirani ndilo lililoshukiwa kuuwasha. Nilisoma habari ile nikiwa nimesimama, na kiganja kikaniwasha.

Kuhusu ile mbuzi: ubao wake ulibaki na alama, duara la masizi na ndani yake vijitundu vya wavu, vimedidimia kwenye mti kwa jinsi ulivyofyonzwa. Ami alinunua nyingine kwa seremala, akanituma Faza nikaombe radhi. Yule bibi aliipokea ile mpya na ya zamani hakuirudisha. Nilipopita tena baada ya Ramadhani nilimkuta uani akikuna nazi, ameikalia ile ile yenye alama.

"Mwanangu," akaniuliza bila kuinua macho, "ile injini yenu imepata mbuzi yake?"

Nikamwambia imepata, na kwamba mabaharia wameandika jina hilo kwa rangi nyekundu kwenye mkono wa ule waya.