Skrubu ya Bunduki ya Mjomba

Bunduki ya mjomba ilikuwa shotgani ya zamani ya mitutu miwili iliyolala sambamba, aliyoimiliki kwa kibali. Kitako chake kilikuwa kimeanza kucheza pale mbao inapokutana na chuma; ukiitikisa kidogo unasikia inagonga. Bunduki ikifika hapo haipigwi tena, kwa sababu kila mshindo unaisukuma mbao nyuma na kuzidi kuichana. Dawa ilikuwa kuvua kitako na kutazama ndani, lakini njiani kulikuwa na skrubu moja iliyogoma kabisa.

Wakati huo nilikuwa fundi wa matengenezo kiwandani.

"Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "nyie huko mnafungua boliti kubwa kuliko ngumi yangu. Haka kaskrubu katawashinda?"

Tuliifungua bunduki kwanza kwa kuikunja katikati, tukatazama vyumba vyote viwili vya risasi, kisha nikaingiza kidole kimoja baada ya kingine kuhakikisha. Risasi hazikuwepo hata kwenye nyumba ile. Hilo silifanyii haraka, na mjomba naye halifanyii haraka.

Skrubu za bunduki za namna ile zina mfereji mwembamba wenye kuta zilizonyooka. Bisibisi ya kawaida ncha yake imechongwa kama kabari, kwa hiyo inagusa mdomo wa mfereji tu. Ukikaza mkono inapanda juu, inaruka, na inaacha mkwaruzo kwenye chuma kilichochorwa maua kwa mkono na mtu aliyekwisha kufa zamani. Inayotakiwa ni ncha yenye nyuso mbili sambamba, inayojaza mfereji kwa unene, kwa urefu na hadi chini kabisa. Nilichukua vile vijani vya chuma, vipande vyembamba kama majani, tunavyopimia nafasi za valvu za injini. Kijani cha milimita 0.80 kiliingia bila kulazimisha, cha 0.85 kikakataa. Nikawa na kipimo changu.

Kiwandani kulikuwa na vipande vya fimbo ya feleji ya zana, ile ya mviringo tunayotengenezea pini na vitindo. Inauzwa ikiwa laini, inakubali tupa, na imeshasagwa kwa kipimo sahihi. Niliomba kipande kilichobaki, nikapewa. Nilikichonga polepole, nikigeuza upande hadi upande na kupima kila mara, mpaka ncha ikakaa ndani ya mfereji bila kutikisika.

Kazi yenyewe iko kwenye moto. Niliipasha ncha kwa tochi ya gesi hadi ikawa nyekundu, nikawa naigusisha sumaku. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi sumaku haikishiki tena. Hapo unaongeza joto kidogo tu. Fimbo yangu ilikuwa ya kupozwa kwa oili, basi nikaizamisha kwenye oili. Ikitoka, tupa inateleza juu yake bila kung'ata. Lakini kwa ugumu huo inavunjika kirahisi, na kipande kilichokatikia ndani ya mfereji ni balaa kubwa kuliko skrubu iliyogoma. Kwa hiyo nikaisugua kwa msasa hadi iking'aa, nikaipasha tena taratibu nikianzia nyuma, nikitazama rangi zinavyotembea kuelekea mbele: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Zambarau ilipoanza kugeuka bluu kwenye ncha, karibu nyuzi 290, nikaipoza. Kwa patasi ningesimama kwenye manjano. Bisibisi inahitaji uvumilivu zaidi ya ukali.

Mjomba alisimama kando muda wote huo akiwa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Skrubu yenyewe tulikuwa tumeiloweka kwa mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Vitu hivi havikai pamoja, lazima utikise chupa kila unapotaka kutumia, na moto uwe mbali. Asetoni pia inakula vanishi, ndiyo maana nilidondosha kwa sindano, tone moja moja, juu ya kichwa cha skrubu tu.

Kisha nikaifunga ncha kwenye mashine ya kutobolea ya kusimama, waya wa umeme nikiwa nimeuchomoa ukutani. Watu wengi hufikiri mashine hiyo ni ya kuzunguka tu. Mimi niliitaka kwa mkono wake wa kushusha: unaikandamiza ncha ndani ya mfereji, wima kabisa, na haina pa kurukia. Mjomba akashika bunduki iliyolala juu ya ngozi nene. Nilizungusha kwa mkono, kwanza kidogo upande wa kukaza ili kutu ivunjike, kisha upande wa kufungua. Tukasikia "tik" moja kavu.

"Imekubali!" akasema mjomba, na mikono yake haikuachia.

Ndani mbao ilikuwa imelowa oili ya miaka mingi na kusagika. Tuliinyonya oili hiyo kwa unga wa chokaa nyeupe na asetoni, tukirudia hadi unga ukabaki mweupe. Pengo nikalijaza kwa epoksi yenye unga wa chuma, ile ile tunayokalishia misingi ya mashine, chuma cha bunduki kikiwa kimepakwa nta ili kisishikane nayo.

Mjomba alipendekeza tutupe skrubu ile ya zamani tuweke boliti ya kiwandani yenye namba 8.8 kichwani. Nilimkatalia. Namba hiyo inakwambia nguvu ya kuvutwa kabla ya kukatika, megapaskali 800, haikwambii kama hesi zake zinalingana na tundu lililochongwa na fundi aliyekuwa na vipimo vyake mwenyewe. Kwa imani yangu, vifaa vya kiwandani vina nafasi kubwa kando ya bunduki: zana, gundi, vipimo, vya kushikilia. Sehemu inayobeba moto wa risasi sikuigusa, na sitaigusa.

Tuliipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye leseni kabla haijapigwa. Alikagua kufuli, yaani mtambo wa kufyatulia, vyumba vya risasi na mitutu, akabadilisha springi moja iliyochoka, kazi ambayo ilikuwa yake. Kisha akaishika bisibisi yangu, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaniuliza kama fimbo ile bado ipo. Nilimtengenezea nyingine za unene mbalimbali, na mjomba ndiye aliyempelekea.